Janani Luwum: Kaburi tupu lililofundisha watu kumheshimu mchungaji

Ukienda Kampala kununua nguo ama viatu vya kuuza, kuna barabara ambayo ni vigumu kuikwepa. Iko katikati ya jiji, imejaa maduka, boda boda na watu waliobeba mabunda ya bidhaa. Inaitwa Luwum Street. Wengi wanaopita hapo kila siku hawana habari Luwum alikuwa nani. Ukimuuliza mtu, huenda akakwambia ni mwanasiasa wa zamani.

Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mchungaji.

Kisa chake kinatufaa wakati huu ambapo sisi vijana tumegawanyika kuhusu wachungaji. Kuna wale walio na pasta wao. Wanamchangia gari, wanamkatia keki siku yake ya kuzaliwa na kumpamba mitandaoni. Kuna wengine ambao, tangu habari za Shakahola zitokee mwaka 2023, wakisikia tu neno pasta wanashika mfuko na kutafuta mlango. Katikati ya kambi hizi mbili kuna swali ambalo halijibiwi. Ni mchungaji yupi anayestahili heshima? Na heshima yenyewe huonyeshwa vipi, mbali na bahasha?

Mchunga mbuzi wa Mucwini

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Mucwini, Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Babake, Eliya Okello, alikuwa miongoni mwa Waacholi wa mwanzo kuingia Ukristo na alikuwa mwalimu wa kanisa pale kijijini. Lakini nyumba yao haikuwa na pesa. Janani alichunga mbuzi wakati watoto wengine walikuwa darasani, na alipoanza shule tayari alikuwa amechelewa.

Alipopata nafasi, hakuichezea. Alisoma hadi Gulu, kisha akajiunga na chuo cha ualimu cha Boroboro karibu na Lira. Akawa mwalimu wa shule ya msingi, kazi ambayo wakati huo ilikuwa na heshima zake na mshahara wa uhakika. Angeweza kutulia hapo.

Januari 1948 mambo yalibadilika. Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ulikuwa umesambaa Afrika Mashariki nzima. Huku kwetu wazee wa Mlima Kenya wanawakumbuka waumini wake kwa jina la ahonoki. Uganda waliitwa balokole, maana yake waliookoka. Waliomfikia Luwum ni Yusto Otunno na mkewe. Mwalimu huyo kijana akaokoka, na hakukaa kimya tena.

Vijana wa uamsho walikuwa wakali. Walikemea ulevi hadharani, na viongozi wa kanisa walioonekana kupoa hawakuponea. Kulaumu kanisa ukiwa nje ni rahisi, hata leo tunajua. Luwum aliamua kuingia ndani afanye kazi. Mwaka 1949 alikwenda chuo cha theolojia cha Buwalasi, mashariki mwa Uganda. Baadaye alifanywa shemasi, kisha akawa kasisi.

Kazi yake ya mwanzo haikuwa na mbwembwe. Ilikuwa baiskeli, barabara za vumbi na makanisa madogo yaliyotawanyika vijijini. Baadaye alipelekwa Uingereza kusoma mara mbili, kwanza Canterbury kisha London, na kila mara alirudi nyumbani. Aliongoza chuo kilekile cha Buwalasi alikosomea. Tarehe 25 Januari 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Northern Uganda, makao yake yakiwa Gulu. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Aliyekuwa mchunga mbuzi sasa alikuwa mchungaji wa nchi kadhaa.

Mlango ambao wengine waliuogopa

Miaka miwili kamili baada ya Luwum kuwa askofu, yaani tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipindua serikali ya Milton Obote. Mwanzoni kuna waliosherehekea barabarani. Haikuchukua muda. Wanajeshi wa jamii za Acholi na Lango walianza kuuawa kambini kwa sababu tu Amin hakuwaamini. Hao walikuwa watu wa kwao Luwum. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini. Watu wakaanza kupotea. Mtu alichukuliwa mchana mbele ya wenzake, akatupwa kwenye buti ya gari, na familia yake isimwone tena.

Waliokuwa wakifanya kazi hiyo ni majasusi wa kitengo kilichoitwa State Research Bureau, na ofisi yao ilikuwa Nakasero, Kampala. Mwananchi wa kawaida aliogopa hata kuitazama. Ukiwa mama na mwanao amechukuliwa, uende wapi? Polisi waliogopa. Hakimu aliogopa. Basi watu walikwenda kwa mchungaji.

Naye Luwum hakuwaombea tu na kuwarudisha nyumbani. Alikwenda mwenyewe hadi kwa hao majasusi kuuliza fulani yuko wapi, amekosa nini, mbona hajaachiliwa. Kuna waliofunguliwa kwa sababu yake.

Kwa sababu hiyo, alionekana pia kwenye hafla za serikali na aliongea na Amin ana kwa ana. Baadhi ya watu walimlaumu. Walisema yuko karibu mno na dikteta. Lawama hiyo haikukosa uzito, maana picha ya askofu kando ya mtawala wa aina ile inaweza kutumiwa vibaya. Lakini mtu anayetaka kumtoa mfungwa hana budi kumkabili aliye na ufunguo. Luwum alikubali kusemwa vibaya ili mtoto wa mtu arudi nyumbani.

Mwaka 1976 alikwenda hatua nyingine. Aliongoza mkutano wa viongozi wa dini, Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu pamoja, kujadili hali ya usalama nchini. Amin, ambaye alizoea kuona kila dini ikija kwake kivyake, hakufurahi hata kidogo kuwaona wakiketi meza moja.

Barua yenye majina

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Februari 1977, wanajeshi walivamia nyumba ya Askofu Mkuu. Walidai wanatafuta silaha. Walipekua kila chumba huku wakimwelekezea bunduki, na hawakupata kitu.

Hapa ndipo sehemu ya kisa hiki inayotuhusu inapoanza. Maaskofu wenzake wangeweza kutuma salamu za pole na kukaa mbali hadi moto upoe. Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hufanya kiongozi wao anapopata shida. Maaskofu wa Uganda walifanya kinyume. Walikutana, wakamwandikia Amin barua, na kila mmoja akaweka sahihi yake.

Haikuwa barua ya kubembeleza. Walilalamikia uvamizi ule, wakalalamikia mauaji na watu kupotezwa, wakalalamikia nguvu walizopewa majasusi, wakaomba kukutana na rais. Na walitaja jambo moja ambalo ndilo moyo wa barua yote: kwamba bunduki ile iliyoelekezwa kwa mchungaji wao ilikuwa imeelekezwa kwa kila Mkristo wa Uganda.

Hebu fikiria maana ya kuweka jina lako chini ya maneno hayo, mwaka 1977, ukijua barua inakwenda kwa nani. Kumsifu mchungaji kanisani hakumgharimu mtu. Wao walimwonyesha heshima kwa kukubali shida yake iwe yao.

Jumatano ya tarehe 16

Siku chache baadaye viongozi wa dini, mabalozi na maafisa wa serikali waliitwa Kampala, kwenye uwanja wa hoteli ya Nile Mansions. Walikuta silaha zimepangwa chini na wanajeshi wamejaa. Ilisomwa taarifa iliyodai kwamba Luwum alikuwa akishirikiana na Obote, aliyekuwa uhamishoni Tanzania, kupanga mapinduzi. Wanajeshi walipoulizwa wafanyiwe nini wasaliti hao, walipiga kelele kwamba wauawe.

Baadaye wageni waliruhusiwa kwenda, lakini Luwum akaambiwa abaki, kwamba rais anataka kumwona. Maaskofu wenzake hawakutaka kuondoka bila yeye. Walingoja nje hadi askari walipowafukuza. Hawakumwona tena akiwa hai.

Kesho yake serikali ilitangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari wakijaribu kutoroka. Hakuna aliyeamini. Hakuna uchunguzi huru ulioruhusiwa, na walioona miili walisema ina matundu ya risasi. Luwum alikuwa na umri wa takriban miaka 55.

Waliokuja bila kuitwa

Kanisa liliomba mwili wa mchungaji wake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa katika kilima cha Namirembe, karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyetoka Rabai katika Pwani yetu mwaka 1885 akielekea Uganda na akauawa Busoga kabla ya kufika. Serikali ilikataa. Mwili wa Luwum ulipelekwa kimyakimya hadi Mucwini na kuzikwa huko chini ya ulinzi wa jeshi. Kwa wakuu wa Amin, mambo yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na mwili, kwa hivyo hapangekuwa na mazishi, na ibada ya kumkumbuka ilipigwa marufuku.

Jumapili, tarehe 20 Februari, watu walianza kupanda Namirembe.

Walikuja kwa miguu, walikuja na watoto, walikuja wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani. Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo likajaa, wengine wakabaki nje. Inakadiriwa walikuwa takriban 4,500. Kila mmoja wao alijua kwamba majasusi wamo katikati yao wakitazama nyuso. Baada ya ibada walitoka na kulizunguka lile kaburi tupu. Askofu Mkuu mstaafu, Erica Sabiti, aliwakumbusha kwamba imani yao yenyewe ilianzia kwenye kaburi tupu. Watu wakaimba wimbo ambao wazee wao waliuhusisha na vijana wakristo waliochomwa kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Sasa tazama jambo hili vizuri. Luwum hakuwa na uwezo wa kumfanyia yeyote kati yao jambo lolote tena. Hangeweza kumwombea mtu kazi. Hangeweza kumsalimia kwa jina mbele ya umati. Hangejua nani alikuja na nani alibaki nyumbani. Hata jeneza halikuwepo la kulilia. Mtu pekee ambaye angeandika jina lako siku hiyo ni jasusi. Na bado walikuja.

Sijui kama kuna kipimo kingine cha shukrani kinachozidi hicho. Mtu anayekutolea heshima wakati huna la kumlipa, na wakati heshima hiyo inaweza kumponza, huyo anakuheshimu kweli.

Kilichofuata

Mjane wake, Mary, na watoto walikimbilia huku Kenya. Askofu Festo Kivengere, mmoja wa walioweka sahihi barua ile, alivuka milima kwa miguu usiku na mkewe hadi Rwanda. Aliyechukua nafasi ya Luwum, Silvanus Wani, alikuwa Mkakwa, kabila moja na Amin, jambo ambalo lilivunja uongo kwamba vita vile vilikuwa vya kikabila tu. Mwaka huohuo, miezi michache baada ya mauaji, Kanisa la Uganda liliadhimisha miaka 100 hadharani, na watu hawakuogopa kujitokeza.

Amin alipinduliwa Aprili 1979 na kumalizia maisha yake uhamishoni Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003. Jina la Luwum lilikwenda njia nyingine. Mwaka 1998 sanamu yake iliwekwa juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, pamoja na za mashahidi wengine wa karne ya 20, akiwemo Martin Luther King na Oscar Romero. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda, na mahujaji hufunga safari hadi Mucwini, kijiji kilekile ambako jeshi lilidhani limemficha.

Tunamheshimu vipi wa kwetu?

Turudi kwa ile keki na ile gari. Kumpa mchungaji zawadi si kosa. Wachungaji wengi wa mitaani hapa Nairobi hawana mshahara wa maana. Wanalipa kodi kama wewe, watoto wao wanatumwa nyumbani kwa karo kama wa jirani. Ukimtumia elfu moja kwa simu, umefanya jambo jema. Biblia yenyewe inasema mtenda kazi anastahili ujira wake.

Shida ni pale zawadi inapokuwa ndiyo heshima yote. Tunachanga tukiwa na kamera, jina linasomwa, pasta anatabasamu, sote tunafurahi. Halafu pasta huyohuyo akisema ukweli usiompendeza mheshimiwa aliyeleta milioni ya harambee, tunainamisha vichwa kana kwamba hatumjui. Akizushiwa uongo mtandaoni, tunasambaza kabla ya kuuliza. Akiugua miezi mitatu, tunahamia kanisa lenye bendi nzuri.

Na kwa wale ambao wameamua kwamba wachungaji wote ni matapeli, maisha ya Luwum yanawapa mizani. Mchungaji wa kweli hutangulia hatarini ili kondoo wabaki salama. Wa bandia huwatanguliza kondoo yeye akibaki nyuma. Ukiwa na mizani hiyo, huna haja ya kumwamini kila mwenye kola, wala huna haja ya kumdharau kila mmoja. Mtazame tu anapokwenda wakati mambo yameharibika. Luwum alikwenda Nakasero.

Kuna uwezekano mkubwa kwamba unamjua mmoja wa aina hiyo. Pengine hana jina kubwa. Ni yule mzee aliyekubatiza kijijini, aliyekuja na gumboti zake matopeni siku ya kumzika nyanyako, aliyemwandikia mwalimu mkuu barua ili usifukuzwe kwa karo. Sasa amestaafu. Hana mimbari, hana kamati, hana fomu ya kukutilia muhuri. Huwezi kupata chochote kutoka kwake.

Huyo ndiye wa kumpigia simu wiki hii. Msalimie, mwambie unakumbuka alichofanya, umtajie kwa jina. Akiwa na shida, isikilize. Na ukiwa na nauli, nenda ukamwone akiwa angali hai, maana watu wa Namirembe wangetoa chochote kupata nafasi hiyo.